Mtaa na Maradhi: Somo la Historia ya Dar es Salaam

Katika mazungumzo yetu ya kila siku tumezoea kulitaja neno "afya" pamoja na neno "hospitali", kana kwamba afya ni kitu kinachofungiwa kabatini na wauguzi, na mwenye haja nacho huenda akapewa. Mazoea hayo yana sababu zake. Hospitali huonekana, hufunguliwa kwa sherehe, na jiwe la msingi huandikwa jina la aliyeliweka. Mtaro wa maji ya mvua hauna sherehe. Lakini mtoto anayefikishwa zahanati usiku wa manane akiwa amekauka kwa kuharisha hakuanza kuugua usiku ule. Alianza kuugua kwenye dumu la maji lililojazwa kwa muuza maji asiyejulikana ayatoa wapi, kwenye choo cha shimo kilichofurika masika, na kwenye uchochoro ambamo maji ya vyumba sita hayana pa kwenda. Zahanati humpokea mwisho wa safari.

Katika makala haya tunakusudia kuitazama safari hiyo katika mji mmoja, Dar es Salaam. Tumeuchagua kwa sababu historia yake inaonyesha wazi kwamba mtaa haukuwa mbaya kwa bahati mbaya. Kuna watu waliokaa mezani na ramani wakaamua nani akae wapi, maji yapite wapi na uchafu uishie kwa nani. Asiyeijua historia hiyo atawatazama wakazi wa mabondeni na kusema kwamba ni wachafu. Anayeijua hatasema hivyo upesi.

Jambo lenyewe si la Afrika peke yake. Mwaka 1845 Friedrich Engels alichapisha kitabu chake juu ya hali ya tabaka la wafanyakazi wa Uingereza, na humo alieleza jinsi mji wa Manchester ulivyopangwa hata tajiri akaweza kutoka nyumbani kwake hadi ofisini na kurudi, mwaka nenda mwaka rudi, bila ya kuuona mtaa wa wafanyakazi wake. Miaka mitatu baadaye, 1848, daktari Rudolf Virchow alitumwa na serikali ya Prussia kuchunguza homa ya taifasi katika Upper Silesia, akarudi na ripoti iliyoikera serikali hiyo, kwani badala ya kupendekeza dawa alidai elimu, uhuru na maisha bora kwa watu wa kule. Mabwana wa Ulaya waliyajua mambo haya vizuri walipokuja kwetu. Waliyatumia kinyume.

Mwaka 1891 Wajerumani walihamisha makao makuu ya utawala wao kutoka Bagamoyo kuja Dar es Salaam, na mwaka huo huo wakatoa amri ya ujenzi iliyougawa mji kufuatana na aina ya majengo. Upande wa mashariki, karibu na bahari na upepo, zilikubaliwa nyumba za mtindo wa Kizungu tu. Katikati majengo imara. Nyuma ya hapo, nyumba za miti na udongo. Msomaji atazame ujanja uliomo. Amri haikutaja ngozi ya mtu, ilitaja nyumba yake. Lakini kwa mishahara waliyolipwa vibarua wa bandari, hapakuwa na Mwafrika wa kujenga nyumba ya mawe penye upepo. Waingereza walipoutwaa mji waliuendeleza utaratibu huo huo kwa kanda zao tatu, na wao walikuwa na sababu zaidi ya kutotaja rangi, maana walitawala kwa udhamini wa Shirika la Mataifa na walipaswa kuonekana waungwana. Wananchi hawakudanganyika. Waliziita sehemu hizo kwa majina yake halisi: Uzunguni, Uhindini, Uswahilini.

Maradhi ndiyo yaliyokuwa kisingizio. Robert Koch, bingwa wa vijidudu, alikuja Dar es Salaam mwaka 1897 na 1898 akachunguza malaria, na kuanzia 1901 daktari Ollwig akaijaribu njia ya Koch humu mjini: kupima damu za wakazi na kuwapa kwinini waliokutwa na vimelea. Njia hiyo angalau ilimtazama kila mkazi kuwa ni mtu wa kutibiwa. Lakini fundisho lililopendwa zaidi na wakoloni, Wajerumani kwa Waingereza, lilikuwa jingine: kwamba miili ya Waafrika, hasa watoto, ni ghala la malaria, na kinga ya Mzungu ni kukaa mbali nao, umbali ambao mbu hawezi kuuruka. Ndipo katika miaka ya 1920 eneo pana la Mnazi Mmoja lilipoachwa wazi kati ya mji wa kati na Kariakoo, mtaa ulioitwa hivyo kwa sababu ya wapagazi wa jeshi la Kiingereza waliokaa pale wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Leo tunapumzika Mnazi Mmoja na kufanya mikutano na sherehe, na ni vyema iwe hivyo. Lakini nyasi zile zilipandwa ziwe mpaka.

Hapo tunaona kosa la msingi, nalo si kosa la sayansi. Ikiwa mbu huzaliana Kariakoo, dawa yake ni kukausha madimbwi ya Kariakoo, na atakayenufaika kwanza ni mtoto wa Kariakoo. Mkoloni aliona ni rahisi zaidi kuyaacha madimbwi na kumhamisha aliyemjali. Na matibabu yaligawanywa vivyo hivyo. Hospitali ya Ocean Road ilijengwa mwaka 1897 mahali pazuri kuliko pote ufukoni, kwa ajili ya Wazungu. Waafrika na Wahindi walipata hospitali iliyojengwa kwa fedha za mfanyabiashara wa Bagamoyo, Sewa Haji Paroo. Iliwabidi wangojee hadi 1956 kabla ya kufunguliwa hospitali kubwa ya Princess Margaret, ambayo leo ni Muhimbili.

Tutazame pia nyumba yenyewe, maana hapo ndipo mtu anapolala. Nyumba ya Kiswahili ya Dar es Salaam tunaijua sote: ukumbi katikati, vyumba vitatu huku na vitatu huku, uani jiko, bafu na choo cha shimo. Kwa familia moja ni nyumba nzuri na ina hewa. Lakini mfanyakazi wa mjini hakupanga nyumba, alipanga chumba. Nyumba iliyokusudiwa watu saba ikawa ya watu ishirini na tano, choo kikabaki kile kile. Kifua kikuu hakihitaji maelezo marefu katika chumba kimoja chenye kitanda kimoja, jamvi, jiko la mafuta ya taa na dirisha lililofungwa kwa kuogopa wezi. Mwaka 1948 mji ulikuwa na watu wasiofika 70,000. Mwaka 1967 walihesabiwa zaidi ya 270,000. Sensa ya 2022 ilikuta mkoani watu 5,383,728, na sehemu kubwa yao wanaishi katika maeneo yaliyojengwa kabla ya kupimwa.

Uhuru ulipokuja mwaka 1961 sheria za kubagua zilifutwa, na mwenye uwezo akaweza kukaa popote. Neno "mwenye uwezo" ndilo la kuangaliwa. Mabomba yalikuwa yamekwisha kufukiwa chini ya ardhi, na hayahamishwi kwa kubadili bendera. Shirika la Nyumba la Taifa, lililoundwa mwaka 1962, lilianza kwa kubomoa nyumba za udongo za Magomeni na kwingineko na kujenga za matofali. Kazi ilikuwa njema lakini gharama ilikuwa kubwa mno, na kila nyumba iliyojengwa ilikuwa imechukua nafasi ya nyumba iliyobomolewa, kwa hiyo idadi ya vyumba haikupanda kwa kasi ya watu. Mwishoni mwa miaka ya 1960 mpango huo ukaachwa. Mwelekeo mpya ulikuwa kupima viwanja vyenye huduma, kama Sinza na Kijitonyama, na kuitengeneza mitaa iliyokwisha kujengwa, kama Manzese, badala ya kuibomoa. Kuitambua Manzese kuwa ni mtaa wa watu, unaostahili barabara na maji, ilikuwa ni hatua kubwa kuliko inavyodhaniwa sasa.

Hapa hatuna budi kuizungumzia kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, kwani hakuna jambo lililoonyesha zaidi nguvu ya wananchi katika suala hili. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima ilifundisha viongozi wa vikundi zaidi ya 70,000. Kwa wiki kumi na mbili watu karibu milioni mbili walikusanyika, chini ya mwembe, darasani, ofisini, wakasikiliza redio, wakasomewa kitabu, kisha wakajadili: malaria, minyoo ya safura, kichocho, kuhara damu, kifua kikuu. Ufundi wa kampeni ile haukuwa kwenye redio. Ulikuwa kwenye swali lililoulizwa baada ya redio kuzimwa: je, hapa kwetu ugonjwa huu unatoka wapi? Kikundi kiliinuka kikaenda kutazama. Kikafyeka, kikafukia dimbwi, kikachimba. Inakadiriwa kwamba vyoo 750,000 vilichimbwa. Huo ni wingi wa mashimo ambao hakuna wizara ingeweza kuulipia.

Hata hivyo tusiisifu kampeni ile mpaka tukasahau mipaka yake. Choo cha shimo ni jambo la kijiji, ambako ardhi ni pana na shimo likijaa huchimbwa jingine. Katika bonde la Msimbazi maji ya chini ya ardhi yako karibu. Ukichimba mita mbili umeyafikia, na masika choo hupanda juu kikaungana na mafuriko. Ndiyo asili ya tabia ya kutapisha vyoo mvua zinaponyesha, tabia ambayo kila bwana afya huilaani na kila mpangaji wa bondeni huielewa. Gari la kunyonya majitaka haliwezi kuingia uchochoroni, na likiweza, bei yake si ya mchuuzi wa mihogo. Kumhutubia mtu huyo juu ya usafi ni kumwongezea kero. Wala kikundi cha nyumba kumi, hata kiwe na moyo namna gani, hakiwezi kujenga mfereji mkuu wa mji.

Na katika miaka ile ile ya Mtu ni Afya tulifanya kosa lililoudhoofisha mji. Kwa mpango wa Madaraka Mikoani wa 1972 serikali za mitaa zilivunjwa, pamoja na halmashauri za miji. Shabaha ilikuwa kumsogezea mwanakijiji uamuzi. Lakini mji ulibaki bila mwenyewe. Mitaro haikuzibuliwa, takataka hazikuzolewa, na aliyetaka kulalamika hakujua aende kwa nani. Mwaka 1977 kipindupindu kikaingia kwa nguvu nchini, na tangu hapo kimekuwa mgeni asiyeaga. Hatusemi kwamba kuvunja halmashauri ndiko kulikoleta kipindupindu. Tunasema kilipobisha hodi hapakuwa na mtu mlangoni. Halmashauri za miji zilirudishwa mwaka 1978, na mwaka 1984 Mwalimu Nyerere alikiri hadharani kwamba kuzivunja kulikuwa ni kosa. Kujikosoa kwa namna hiyo kuna faida kuliko ripoti kumi za mafanikio.

Halmashauri iliyorudi ilirudi maskini, katika miaka ya vita vya Kagera na dhiki ya uchumi. Kisa cha jalala la Tabata kinafaa kusimuliwa kwa urefu kidogo. Takataka za mji zilikuwa zikimwagwa Tabata na kuchomwa, na moshi, harufu na inzi vikawa ndiyo hewa ya wakazi. Wakazi hao hawakupiga mawe magari. Walikwenda Mahakama Kuu, na mwaka 1988 wakashinda: Halmashauri ya Jiji iliamriwa iache kumwaga takataka pale. Ikaomba muda, ikaongezewa, ikaomba tena, hata jaji mmoja akashangazwa waziwazi na mamlaka ya umma inayokuja mahakamani kuomba ruhusa ya kuendelea kuchafua maisha ya watu. Ilipoondoka Tabata, jiji lilihamishia takataka Kunduchi Mtongani, eneo ambalo mpango wa mji wa 1979 ulilitenga liwe makazi. Wakazi wa huko nao wakashtaki, na mwaka 1991 nao wakashinda.

Ni ushindi wa kujivunia, nasi tunautaja kwa furaha, kwani raia wa kawaida waliifundisha serikali sheria yake yenyewe. Lakini tuendelee kulifuata gari la taka, maana historia haiishii kwenye hukumu. Lilikwenda Vingunguti. Baadaye likaenda Mtoni. Kila mtaa uliokuwa na wakazi wenye kujua njia ya kwenda mahakamani uliliondoa jalala, na jalala likaelekea kwa wenye sauti ndogo zaidi. Mkoloni aligawa mji kwa amri. Hapa mji uligawanyika bila amri ya mtu, kwa nguvu ya kila mtaa kujitetea peke yake. Umoja wa mtaa ni jambo jema, lakini usipovuka mpaka wa mtaa hugeuka kuwa njia ya kumtupia jirani.

Mfano wa namna nyingine ni Hanna Nassif, Kinondoni, kando ya bonde la Msimbazi. Kila masika maji yalikuwa yakiingia vyumbani. Katika miaka ya 1990 wakazi waliunda chama chao cha maendeleo, na kuanzia 1994, kwa msaada wa Shirika la Kazi Duniani na wataalamu wa Chuo cha Ardhi, wakajenga mitaro na barabara kwa mikono yao, wanawake kwa wanaume, wakilipwa ujira kwa sehemu ya kazi. Mambo mawili hapo yanahitaji kutazamwa. La kwanza, wakazi walishiriki kuamua mtaro upite wapi. Ni nyumba ya nani itakatwa baraza? Swali hilo mtaalamu hulijibu kwa rula na kesho yake akakuta mtaro umefukiwa. Jirani hulijibu kwa maneno mengi, lakini mtaro hubaki. La pili si la kufurahisha: mtaa ukikauka, kodi ya chumba hupanda. Mwenye nyumba hunufaika na jasho la mpangaji, na mpangaji huhamia bonde jingine akaanza upya na mafuriko. Mpango wowote wa kutengeneza mitaa usiomfikiria mpangaji unamhesabu mwenye nyumba peke yake kuwa ndiye mwananchi.

Malaria nayo ilirudiwa kwa njia ambayo Koch asingeitambua. Mradi uliosaidiwa na Japani kati ya 1988 na 1996 ulizibua mitaro ya Dar es Salaam na Tanga. Ulipokwisha, takataka zikarudi mitaroni. Mwaka 2004 ukaanza mpango wa jiji wa kudhibiti malaria katika kata kumi na tano, na safari hii msingi wake ulikuwa mtaa. Wakazi waliochaguliwa kwa kupitia viongozi wa mitaa yao walichora ramani za nyumba kumi kumi, uwanja kwa uwanja, kisha wakapita kila wiki wakitafuta viluwiluwi: katika alama za matairi ya magari, katika mifereji iliyoziba, kati ya matuta ya viazi na ya mchicha, katika misingi ya nyumba zilizosimama kwa kukosa fedha. Kuanzia 2006 dimbwi lililokutwa liliwekwa dawa ya bakteria inayoua viluwiluwi na isiyomdhuru mtu. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2009 ulionyesha kwamba maambukizo yalipungua palipotiwa dawa. Na mwaka 2015 kiwanda cha dawa ya aina hiyo kilizinduliwa Kibaha, kwa ushirikiano na ndugu zetu wa Cuba.

Nyumba kumi zile, tukumbuke, ziliundwa na TANU katika miaka ya 1960 kwa kazi ya siasa na ulinzi. Baada ya mfumo wa vyama vingi kurudi mwaka 1992, mtaa ukawa ngazi ya serikali, na mwenyekiti wake huchaguliwa na wakazi wote bila kujali chama, wakati shina limebaki la Chama. Tunaona ni haki hivyo. Mbu haulizi kadi. Lakini faida ya kumjua jirani kwa jina, na kujua nani ana mgonjwa ndani, haifai kupotea kwa sababu ya kubadilika kwa mihuri.

Limebaki suala la maji, ambalo ni gumu kuliko yote. Mtoni ulijengwa mtambo mwaka 1951, Ruvu Juu 1959, Ruvu Chini 1976, na bomba kubwa likapita mbele ya watu wengi lisiwanyweshe. Mwishoni mwa miaka ya 1960 watafiti walipima matumizi ya maji katika Kenya, Uganda na Tanzania, na miaka thelathini baadaye wengine wakarudi mahali pale pale. Waliokuwa na bomba ndani walikuwa wameshuka kutoka lita 128 kwa mtu kwa siku hadi 66. Waliokuwa wakichota mijini walikuwa wakitumia dakika 28 kwa siku. Sasa walitumia 92. Saa moja na nusu, na aliyeitumia ni mama na binti. Wakati wa kubinafsisha, huduma ya maji ya Dar es Salaam ilikabidhiwa kampuni mwaka 2003, na Mei 2005 serikali ikauvunja mkataba. Mwaka 2015, mwezi wa Agosti, kipindupindu kilipolipuka tena kilianzia Dar es Salaam, katika wilaya ya Kinondoni.

Kuna ndugu wanaosema dawa ya mabondeni ni kuwahamisha watu. Baada ya mafuriko ya Desemba 2011, yaliyoua watu zaidi ya arobaini, familia za bonde la Msimbazi zilipewa viwanja Mabwepande, mbali kaskazini ya mji. Ardhi ya Mabwepande ni kavu. Lakini mchuuzi wa Kariakoo hakukaa Jangwani kwa kupenda maji. Alikaa kwa sababu aliweza kutembea kwa miguu hadi sokoni alfajiri. Ukimhamisha bila ya kuihamisha riziki yake, unamlipisha nauli ya kwenda na kurudi kutoka kwenye chakula cha watoto, na utapiamlo nao ni maradhi. Wako waliorudi bondeni, na kila anayewaona hustaajabu. Sisi tunastaajabu zaidi kwamba hesabu ya nauli haikufanywa kabla ya hesabu ya viwanja.

Na lile gari la taka tuliloliacha Mtoni lilifika Pugu Kinyamwezi, ambako lilipelekwa kwa kuwa palikuwa mbali na watu. Nyumba zimekwisha kulisogelea jalala hilo, na watoto wanaozaliwa humo watakua wakiuita moshi ule hewa, kama walivyofanya wa Tabata, mpaka siku watakapokwenda mahakamani.